Nafasi ya Mmoja

Weusi kwenye kwaya ya shule walikuwa wawili tu, na Renita alimjua mwenzake kwa kila asichokuwa nacho yeye: ngozi ya maji ya kunde, shingo ndefu, nywele laini hadi mabegani. Corliss alihamia shuleni pale, jijini St. Louis, Marekani, mwezi wa Septemba. Kufika Novemba, wimbo wa mwimbaji mmoja wa tamasha la Krismasi, ambao Renita aliuimba miaka miwili mfululizo, alipewa Corliss.

"Mwalimu, si tungeimba sote wawili?"

Bi Haskell alicheka kwa upole. "Mpenzi wangu, wafadhili watadhani tumebadilisha shule. Mmoja anatosha. Na Corliss ana mwonekano... mtulivu zaidi." Alizitazama nywele za Renita zilizosimama, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Corliss alipocheka, wivu ulimkaba Renita. Corliss alipomsogezea nusu ya mkate wake wa mahindi, "Chukua bwana, macho yamekutoka kwa njaa," ulimkaba zaidi.

Siku ya mazoezi ya mwisho upepo ulivuma uwanjani, ukainua nywele za Corliss, na Renita akaona ukingo wa wavu. Wigi. Na shule ilikuwa imepiga marufuku nywele za bandia. Hakusita, alikwenda moja kwa moja kwa Bi Haskell.

"Ivue, au utoke," Corliss aliambiwa mbele ya kwaya nzima.

Akatoka.

Renita alimfuata chooni, bila kujua anafuata nini. Alimkuta kaivua. Upande mzima wa kichwa ulikuwa kipara, una makovu yanayong'aa.

"Dawa ya nywele hiyo," Corliss alikiambia kioo. "Kwenye usaili wa kuingia shule hii walitaka nije nadhifu. Mama akaiacha ikae, zinyooke sawasawa. Nikilia, ananiambia vumilia." Akapenga kamasi. "Nani kanichongea, dada? Wazungu hawa wangejuaje? Wao hata zako wanadhani za dukani."

"Sijui," Renita alisema.

Mlango ulifunguka kidogo. "Renita, twende," Bi Haskell alinong'ona. "Ataimba Maddie. Ila kwenye noti za juu sauti yake haifiki. Utasimama nyuma ya pazia, umsaidie. Usionekane tu."

Corliss aligeuka, akamtazama Renita.

Renita alikwenda. Wimbo ulipofika kwenye noti za juu, Maddie, msichana wa Kizungu, alipanua mdomo kuvielekea viti vitupu vya watu ambao bado hawajaja, na Renita, uso umegusana na vumbi la pazia, akaimba.