Hesabu ya Mwamba Uliofungwa

Mama Idadi alilipwa kuhesabu samaki walio hai, kazi ambayo majirani zake hawakuwahi kuielewa. "Si uhesabu wa sokoni, shoga? Wale hawakimbii," walimtania, naye alicheka pamoja nao, maana kazi yenyewe ukiitamka kwa sauti inachekesha kweli.

Ilikuwa hivi. Mara mbili kwa mwezi mashua ya kituo cha utafiti ilisimama juu ya mwamba wa matumbawe. Msaidizi wake, mtu mzima mwenye mabega ya mbeba magunia, alishuka kwanza na mtungi wa hewa mgongoni. Aligongelea vigingi viwili vya chuma, akakaza kati yake utepe wa mita hamsini, na kazi ikiisha aliving'oa, kwa kuwa chuma kikiachwa baharini chumvi hukila. Kwa ajili ya kugonga huko kila mtu alimwita Nyundo. Mama Idadi alimngoja mashuani hadi apande, kisha akangoja dakika kumi nyingine ili samaki waliotishwa na kelele watulie. Hapo ndipo aliposhuka peke yake, akaelea polepole juu ya utepe, kibao cha plastiki mkononi na penseli imefungwa kwa uzi. Changu, chewa, pono, tasi, kikande mwenye meno ya kuvunjia kome: kila aliyepita karibu alipigiwa mstari. Kanuni ya dakika kumi aliitunga yeye mwenyewe, na alijivunia kanuni hiyo kama mtu anavyojivunia mtoto aliyeongoza darasani.

Hesabu ya kwanza kabisa ilitoa samaki hamsini na wanne. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, akamwambia, "Kaka, ufungeni mwamba huu. Isitupwe hata ndoana moja. Mtaona wenyewe."

Kaka alimwamini. Wenzake walinung'unika wee, kwa sababu ule ndio uliokuwa uwanja wao bora, lakini wakaufunga. Mwaka wa tatu idadi ilifika mia moja na arobaini. Mwaka wa sita, mia tatu na kumi na wawili. Kila mwaka Mama Idadi alisimama mbele ya mkutano na kutaja idadi, na wanaume wanaosafiri saa mbili zaidi kila siku kwenda kuvua mbali wakampigia makofi. Ofisini kwake mstari mwekundu ulipanda ukutani kutoka chini ya dirisha hadi karibu na dari.

Sasa ukawa mwaka wa saba, wiki ya mkutano. Jumatatu Nyundo aliamka na mafua, na mwenye mafua hazami, masikio yatamuua. Mama Idadi akaenda na nahodha peke yake. Hakuwa na mkono wa kugonga chuma chini ya maji, kwa hiyo aliufunga utepe kwa kamba kwenye mawe, akatulia dakika zake kumi, akahesabu. Alipofika mwisho wa utepe alitazama kibao, akarudi mwanzo, akahesabu tena.

Sitini na mmoja.

Alipanda mashuani akiwa na hasira, na hasira ikitangulia, akili hufuata nyuma ikichechemea. Hakujiuliza kama alikosea. Alikwenda kwa kaka yake na nguo bado zinachuruzika.

"Mwamba umeibiwa," alisema.

"Na nani?"

"Mimi sitaji mtu. Nasema yupo mtu. Samaki mia mbili na hamsini hawapotei hivihivi."

Hakutaja mtu, ni kweli. Lakini mdomo ukishafungua mlango, wengine huingia. Jioni ile wavuvi walikumbuka kwamba mume wa mdogo wake Mama Idadi alionekana mara mbili ametia nanga karibu na maboya ya mwamba. Mwenyewe aliapa kwamba injini ilimzimikia. Injini! Nani asiye na injini ya kuzimika? Jumanne asubuhi chama kikachukua nyavu zake, kikampa sharti: akiri mbele ya mkutano na kuomba radhi, atarudishiwa, akikataa, asahau bahari.

Mchana mdogo wake akaja ofisini. Hakukaa.

"Dada, mume wangu ni mwizi?"

"Mimi sikumtaja."

"Sikukuuliza kama ulimtaja."

Mama Idadi alitazama mstari mwekundu ukutani. Alisema atakwenda chini tena Jumatano kutafuta ushahidi, nyavu zilizonasa, makovu ya nanga. Mdogo wake akaondoka bila kuaga.

Jumatano Nyundo alikuwa amepona. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile Mama Idadi hakungoja mashuani. Alishuka pamoja naye ili atafute makovu. Hakuona kovu lolote. Alichoona ni Nyundo akipiga magoti mahali pake, na kabla ya kushika kigingi, akiwaponda kwa nyundo nungu wa baharini, wale wa miiba myeusi mirefu, wawili, watatu, wanne, akisafisha pa kuweka goti. Kisha akagonga chuma. Ko, ko, ko.

Wakaja. Kikande walitangulia, wanasukumana kama watu kwenye foleni ya maji. Changu wakafuata, tasi wakafuata, na kutoka kwenye mapango ya mbali, mahali ambapo utepe haukuwahi kufika, chewa wakubwa wakajikongoja kuja mezani. Walikula nyama ya nungu hata kabla Nyundo hajamaliza kugonga. Wengine walikuwa wamefika kwa mlio tu, wanazunguka mkono wake kama kuku wamsikiapo mwenye mtama. Dakika kumi baadaye walikuwa bado wapo, wanadonoa makombo juu ya utepe, wametulia kabisa, tayari kuhesabiwa. Aliwahesabu: mia mbili na tisini na saba.

Mashuani alivua miwani, akamgeukia Nyundo.

"Tangu lini unaponda nungu?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa pili wa kazi. Mmoja alinichoma goti, nikalala siku tatu. Kwani vipi?"

Akamweleza. Nyundo alisikiliza huku akikamua soksi.

"Lakini samaki wapo," alisema mwishowe. "Hukuwaona?"

"Nimewaona. Wanatoka mwamba mzima kuja kula kwako. Tumewafuga, Nyundo. Tumewafundisha kengele ya chakula, halafu tukasema wameongezeka."

"Sasa sikiliza, mama. Wewe una mia mbili na tisini na saba kwenye kibao. Si uongo, si umehesabu? Sema Jumatatu maji yalikuwa machafu. Shemeji yako anasafishwa, mwamba unabaki umefungwa, sisi tunabaki na kazi. Kuanzia mwezi ujao natumia kamba, idadi inashuka taratibu. Nani ameumia hapo?"

Nahodha alijifanya anatazama injini. Mama Idadi alitafuta aliyeumia na, kusema ule ukweli, hakumpata. Jumamosi alikwenda mkutanoni na idadi ile ya Jumatano imeandikwa vizuri kwenye karatasi, na alikuwa amekusudia kuisoma. Tusimpake mafuta. Alikusudia.

Ukumbi wa chama ulikuwa na viti vichache, wengi walisimama. Kaka yake alifungua kikao, na kabla hajamwita dada yake, shemeji alinyanyuka nyuma kabisa. Alikuwa mtu wa mzaha siku zote. Siku hiyo alishika kofia kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, nisiwachoshe," alisema. "Nilitupa ndoana mle. Mara nyingi. Tamaa tu. Nawaomba radhi, na nyavu zangu nazihitaji, watoto wanakula."

Ukumbi ukaguna. Mdogo wake Mama Idadi, mlangoni, aliinamisha uso. Mama Idadi alimtazama mtu mzima yule akiungama dhambi isiyokuwepo, na hiyo ndiyo ikamshinda. Aliona aibu iliyomwasha hadi masikioni. Aliikunja karatasi.

"Anadanganya," alisema. "Hakuiba kitu. Mwongo ni mimi, miaka sita, ila sikujua. Sasa najua."

Akaeleza yote: nungu, nyundo, mlio, dakika zake kumi tukufu. Hakuruka kitu. Samaki wa mwamba ni sitini na mmoja, akasema. Walipoufunga walikuwa hamsini na wanne.

"Saba!" mtu akapaza sauti. "Miaka yote hii, saba! Kuku wangu mmoja ananipita!" Kicheko kikavunja ukumbi, na kilipoisha hakuna aliyeona tena cha kuchekesha.

Kaka yake hakucheka tangu mwanzo. "Ulipopandisha nilikuamini," alisema taratibu. "Uliposhusha nikakuamini, nikamvua nyavu mume wa mdogo wangu. Leo nikuamini kwa lipi?"

"Kwa hili."

"Hili limechelewa, dada."

Nyavu zikarudishwa palepale. Kisha ikapigwa kura kwa kuinua mikono, na mwamba ukafunguliwa. Kaka aliinua wa kwake mwisho. Hakuna aliyemtukana Mama Idadi. Walimpisha njia kama wanavyompisha mfiwa. Mdogo wake tu ndiye aliyemshika bega nje, akambana kwa nguvu, akasema, "Ahsante, dada. Ahsante sana."

Baada ya siku tatu alirudi mwambani, kwa sababu kituo kilitaka hesabu ya kweli, kamba na mawe, bila chuma. Mashua moja ilikuwa imewahi. Shemeji alisimama humo, nyavu zake miguuni, akanyanyua mkono kwa heshima zote.

"Shikamoo, dada! Wema wako sitausahau!"

"Marahaba," alijibu. "Salama nyumbani?"

"Salama, wanakusalimu!"

Akashuka. Alikuwa amefika katikati ya utepe, na kibao kina mistari kumi na tisa, aliposikia. Ko, ko, ko. Aliinua kichwa. Kule mbele, chini ya mashua ya shemeji, jiwe lilining'inia kwenye kamba na chuma kililigonga, na pembeni yake wavu ulikuwa wazi unangoja. Kikande wa kwanza alimpita Mama Idadi begani bila kumjali. Kisha changu, kisha tasi, kisha chewa mkubwa kutoka kwenye pango lake, wote wanaelekea upande mmoja. Alijaribu kuwazuia kwa mikono, nao wakamzunguka. Basi akashika penseli, akawapigia mstari kadiri walivyopita.