Umri wa Nhomlaau

Mume wangu alipofariki, mdogo wake Marial aliamua kumwoza binti yangu kwa mfugaji tajiri. Nilipokataa, akaniambia ng'ombe wa mahari wameshafika na hawangoji maoni ya mwanamke. Nikaenda polisi, na wote tukaitwa mahakamani Rumbek.

Hakimu, mama wa makamo, alisema sheria ya watoto hairuhusu kumwoza aliye chini ya miaka kumi na minane.

"Huyu ameshatimiza, mheshimiwa," Marial alisema bila haya. "Mtazame urefu wake."

"Mzee, nani kwenu mfupi?" hakimu alimjibu, kisha akamgeukia binti. "Mwanangu, unaitwa nani?"

"Nhomlaau."

Kwetu neno hilo maana yake ni uhuru.

"Nilizaliwa siku bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza," akaendelea. "Mama alikuwa na uchungu huku vigelegele vinapigwa barabarani. Nchi yetu ina miaka kumi na minne. Baba mdogo, mimi nimeizidije umri?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi wa marehemu, aliyekuja kumtetea Marial, akashindwa kujizuia.

"We Marial! Jina hilo si ulimpa wewe mwenyewe, ukacheza mpaka ukapoteza kiatu?"

Marial akainama. Hakimu akaipiga marufuku ndoa na kuamuru ng'ombe warudishwe kwa mwenyewe.

Tulipotoka nje nilitamani kulia, lakini kifua kilinijaa fahari hata machozi yakakosa nafasi.

"Mama, tembea basi," Nhomlaau akanihimiza. "Nitakosa kipindi cha hesabu."