Tausi Hatembei

Mwaka 1975 nilikuwa mtafiti pekee wa farasi katika Nyanda za Juu Kusini, na watu walinicheka mpaka nikazoea. Ng'ombe wa Usangu wanakufa kwa kupe, walisema, na Yudith amepanda mlimani kusikiliza mioyo ya farasi. Waache wacheke. Farasi wenyewe walikuwa wawili tu, walioachwa na mlowezi aliyeondoka, na kijiji kimoja cha wakulima wa pareto juu ya Mbeya kikawachukua. Lori lilikuwa haliwezi kufika kule. Farasi wakivuta mkokoteni, maua yanafika barabarani. Wasipovuta, kinamama wanabeba magunia kichwani. Nilikuwa napanda kila wiki na kipimajoto changu, nijue mnyama huyu anahimili vipi kazi kwenye mlima wa namna ile.

Jumatatu moja asubuhi nilimkuta farasi jike, Tausi, amesimama katikati ya njia, bado amefungwa mkokoteni. Jasho lilimchuruzika, miguu ya nyuma ikimtetemeka, na hakutaka kuinua hata kwato moja. Watu walikuwa wamemzunguka. Mbele yao alisimama mkuu wangu wa kazi, Ndugu Yotamu, aliyekuja na Landrova kukagua josho la ng'ombe. Kando yake alikuwapo askari wa wanyamapori, Ezekia, na bunduki yake.

"Homa ya farasi," Ndugu Yotamu alisema. "Ile inayoletwa na visubi. Ashushwe bondeni, apigwe risasi, achomwe. Na mwenzake pia."

"Umempima?"

"Nimemwona."

Amemwona! Kupitia dirisha la gari. Nilimpapasa Tausi makalioni, misuli ilikuwa imekakamaa kama ubao. Macho hayakuvimba, fizi zilikuwa na rangi ya kawaida. Nilijua kabla sijaweka mkoba chini. Kuna ugonjwa ambapo misuli ya farasi inakaza na kujiharibu yenyewe, na ukimlazimisha kutembea unammaliza. Bondeni palikuwa mbali. Wangemuua njiani kabla ya hiyo risasi.

"Hatembei," nilisema. "Hata hatua moja."

Ezekia alishika hatamu. Nami nikaishika.

"Yudith, unapinga amri?"

"Napinga."

Kisha nikawageukia wanakijiji. "Jana alikula nini?"

Macho yote yakamwendea mzee Saulo, mzee wa kanisa, ambaye ndiye mwendeshaji wa Tausi. Kijiji kile Jumapili hakuna jembe linalogusa ardhi, na mnyama hafungwi kamba ya kazi. Wote wanatoka ibadani, wanakula wanashiba.

"Mahindi," Saulo alisema. "Hii farasi inatubebea wiki nzima, mwanangu. Siku ya Bwana tunapumzika wote, tunakula wote. Nimpimie kidogo kama mwizi?"

"Kiasi gani?"

Mkewe, mama Helena, ndiye aliyejibu. "Debe zima. Na lingine jioni."

Nikawaeleza. Farasi anayefanya kazi kila siku, ukimsimamisha siku nzima na kumjaza mahindi, kesho yake ukimfunga mkokoteni misuli inaungua kwa ndani.

Saulo alipandwa na hasira. "Kwa hiyo Jumapili ndiyo inamuua farasi yetu?"

"Sikusema Jumapili, mzee wangu. Nimesema debe."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema elimu imeniharibu, mwingine akataka nishuke kwetu Ilomba nikawafundishe wapagani. Niliumia, nisiseme uongo. Mkuu wangu mbele, kanisa nyuma, na katikati mimi na farasi anayetetemeka. Lakini hatamu sikuiachia.

Ndugu Yotamu alicheka. "Chakula hakiui mnyama."

Nikamkabidhi kipimajoto. "Hiyo homa yako ingemfanya awake moto. Pima."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyemhukumu."

Kila mtu kijijini alijua kipimajoto cha farasi kinawekwa wapi, maana walinitazama nikifanya hivyo kila wiki. Kinamama wakaanza kukohoa. Ndugu Yotamu aliutazama mkia, akaitazama miguu ya nyuma, akamgeukia askari.

"Ezekia, pima wewe."

"Mimi nimeletwa kupiga risasi tu, mkuu."

Nikapima mwenyewe, nikampa Ezekia asome kwa sauti. Joto lilikuwa la kawaida. Ezekia akatundika bunduki begani na kwenda kukaa garini.

"Kesho utanieleza ofisini," Ndugu Yotamu alisema.

"Nitakueleza. Leo sitoki hapa."

Tukamfungua Tausi palepale njiani, tukamfunika mablanketi, tukampa maji. Saulo hakunisemesha, ila alileta magunia na miti akamzungushia ukuta wa kuzuia upepo. Kesho yake ofisini nilinyang'anywa utafiti wa farasi. Nikamwambia Ndugu Yotamu achukue na mafaili, farasi hawakai kwenye mafaili. Nikaendelea kupanda mlima kwa miguu yangu.

Tausi alipoanza kutembea, Saulo aliniuliza kwa shida, "Sasa Jumapili tufanyeje? Kazi simpi."

"Usimpe. Mpe majani, mahindi acha. Na mtembeze kidogo."

"Kutembea si kazi?"

"Hilo la kwako na mchungaji, mzee."

Jumapili Saulo alipanda kilima cha kanisa amevaa koti lake la ibada, anamwongoza Tausi kwa kamba. Mchungaji Andendekisye aliwasubiri mlangoni, uso umekunjamana.

"Saulo, mnyama anafanya kazi siku ya Bwana?"

"Hajabeba kitu. Ametembea."

"Kumtembeza mnyama ni kazi. Mrudishe, kisha uje utubu."

Saulo alivua kofia. "Mchungaji, kama yeye ametenda dhambi, na mimi nimetenda. Tumekuja pamoja, kilima kilekile. Na ninyi wote mmekipanda."

Mchungaji akaingia ndani. Saulo hakuondoka. Mimi nikaenda kusimama ubavuni kwake, mama Helena naye akatoka mlangoni akaja, na wengine wawili watatu. Wimbo ulipoanza ndani, tuliobaki nje tuliimba kwa nguvu kuliko walioingia, na Tausi akala majani ya kanisa bila kuomba ruhusa ya mtu.