Tete Lililonyolewa

Tusizunguke: siku hiyo mjinga alikuwa Kinyozi. Si dada yake, si majaji, wala si kijana mmoja wa suti ambaye Kinyozi alimtilia shaka tangu alipomwona. Yeye mwenyewe, mtu mzima, mwenye mke na watoto na duka linalojulikana mtaa mzima, aliamka akiwa na akili zake timamu, na kabla chai haijapoa akawa amefanya jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angeomba ruhusa kwanza.

Dada yake mdogo alikuwa na usaili. Nyumbani walimwita Zumari kwa sababu ya kile alichokipuliza: zumari la okestra, jeusi, jembamba, lenye vitufe vya fedha toka juu mpaka chini. Mpiga zumari mkuu wa okestra ya mji alikuwa anastaafu, na kiti chake kilikuwa wazi. Viti vya namna hiyo havitoki ovyo. Mtu akikikalia, hukikalia mpaka mvi, na wanaokingoja huzeeka pamoja naye. Zumari alikuwa akikingoja tangu amalize chuo. Alifundisha watoto wasiotaka kufundishwa, alipuliza kwenye harusi mbele ya watu wenye midomo iliyojaa chakula, na kila mpiga zumari wa okestra alipougua, yeye ndiye aliyeitwa mbiombio kushika nafasi. Mgonjwa akipona, anaambiwa asante, kwaheri.

"Kazi yako inategemea mafua ya watu," Kinyozi alipenda kumwambia.

"Na yako inategemea nywele zao," alijibu Zumari. "Walau mimi sifagii mafua jioni."

Ila safari hii mzaha ulikuwa na mpaka. Zumari alikuwa ameshasema, tena kwa utulivu, kwamba akikikosa kiti hiki anaweka zumari kabatini na kwenda kwenye kazi ya ofisi aliyotafutiwa na wifi yake. Hakulia alipolisema hilo, na ndiyo maana wote waliamini.

Sasa, kinachotoa sauti kwenye zumari si zumari. Ni vipande viwili vya tete, vyembamba kama ukucha, vimefungwa pamoja kwa uzi na kuchomekwa juu kabisa, pale penye midomo. Mpigaji hujitengenezea mwenyewe. Hupasua tete, huliloweka, hulikwangua kwa kisu kidogo, hulinyanyua dirishani kuona mwanga unavyopita, hulikwangua tena. Likizidi unene, halisemi. Likizidi wembamba, linalia kama mbuzi. Likitoka zuri, nalo halikai: baada ya siku chache limechoka, unaanza upya. Meza ya Zumari kando ya dirisha la jikoni haikuisha vumbi la tete, na Kinyozi kila akipita alikuwa na neno: "Wenzako wanachonga vinyago, wewe unachonga kucha."

Kwa ajili ya usaili alichonga mengi, akachagua moja, akalifunga uzi mwekundu. Asubuhi hiyo alilichovya kwenye kikombe cha maji, akalijaribu, akatabasamu, akalirudisha kikombeni, akaingia bafuni.

Kinyozi akabaki na chai yake na kikombe kile. Alilitoa tete kwa udadisi tu. Akalinyanyua dirishani kama alivyomwona dada yake akifanya. Akaona upande mmoja umebaki mnene kidogo kuliko mwenzake.

Hapa lazima tumwelewe. Huyu ni mtu aliyewahi kumsimamisha mpita njia asiyemjua ili amwambie kwamba ndevu zake zimepanda upande wa kushoto. Pande mbili zisizolingana zilimwasha mwilini. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkoba wa kazi, ukatoka na wembe. Akapitisha mara moja, taratibu. Sasa upande wa pili ukaonekana mnene. Akapitisha huko. Kisha ule wa kwanza tena. Mambo haya mnayajua yanavyokwenda.

"Baba watoto, unafanya nini hapo?" mkewe aliuliza akipita na ndoo.

"Namsaidia mtu."

Pande zikalingana kama ndevu za bwana harusi. Akalirudisha kikombeni, akaamua asiseme kitu mpaka dada yake ashinde, ili shukrani zije zote kwa mpigo.

Ukumbini yeye na dada yake walipewa viti vya kusubiria kwenye korido ndefu, pamoja na wasailiwa wengine, akiwamo kijana mmoja wa suti aliyekuwa akifuta vitufe vya zumari lake, ambaye Kinyozi alimtilia shaka papo hapo. Majaji walikaa nyuma ya pazia jeusi ili wasijue nani anapuliza, kama ni mwanamke au mwanamume, mtoto wa nani, mwanafunzi wa nani. Msailiwa aliitwa kwa namba, hakuruhusiwa kusema neno, na toka mlangoni mpaka pa kusimama palitandikwa zulia ili hata viatu visimchongee.

"Nami nitafunga pazia dukani," Kinyozi alinong'ona. "Mteja asijue kama ni mimi au mwanafunzi wangu."

Zumari hakucheka. Aliingia kwenye chumba kidogo cha mazoezi, kaka yake nyuma yake, akachomeka tete, akapuliza. Ilitoka sauti ya bata aliyekanyagwa.

Alilichomoa. Akalitazama dirishani kwa muda mrefu.

"Nani amegusa hili?"

Kinyozi angeweza kujifanya hamnazo, na kusema kweli alilifikiria. "Lilikuwa na upande mmoja..."

"Kaka."

"Nililisawazisha. Kidogo tu. Kwa nia njema."

Alingoja makelele. Alitamani makelele. Badala yake dada yake alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyepotea njia. "Upande ule niliuacha makusudi. Mdomo wangu una kovu hapa, tangu siku ile uliponiangusha na baiskeli. Hapa hapabani sawasawa, kwa hiyo tete lazima lifuate mdomo. Pande zikilingana, kwangu ni upogo."

Siku moja tu, na baiskeli nayo imeingia kwenye kesi.

"Tuazime kwa yule wa suti," alisema Kinyozi. "Ana kisanduku kimejaa matete."

"Tete haliazimwi, kaka. Ni kama kuazima meno."

Akafungua kisanduku chake. Yalikuwamo yaliyochoka, yaliyopasuka, na moja alilolikataa kwa ugumu. Alilichukua hilo. Akalipuliza: sauti ilitoka nzito, ya chini, na mishipa ya shingo ikamsimama. Akakwangua kidogo kwa kisu. Akajaribu. Akakwangua tena, akaacha.

"Mbona unaacha? Bado gumu," alisema Kinyozi.

"Nikiendelea nitakuwa wewe."

Kisha akachukua penseli, akakaa mbele ya karatasi za muziki, akaanza kufuta alama za kupumulia na kuziweka kwingine. Tete gumu lilidai pumzi nyingi zaidi, na ule wimbo wa polepole, ambao wiki zote alikuwa akiupitisha kwa pumzi moja ndefu, sasa usingepita. Ilibidi autafutie mahali pa kukatika bila kuvunjika, naye alikuwa na muda wa kusubiri mwenzake mmoja tu amalize. Hakuhema ovyo, hakulalamika. Midomo yake ilikuwa ikicheza, anauimba kimya kimya. Kinyozi alisimama mlangoni na mikono yake isiyo na kazi.

Namba yake ikaitwa.

Kinyozi alikaa karibu na mlango, ubavuni mwa kijana wa suti. Kipande cha kwanza kilikuwa cha haraka. Zumari alikishusha kama mtu anayeshuka ngazi za kwao gizani, hata mara moja hakujikwaa. Kisha ukaja ule wa polepole. Kinyozi aliujua. Ulipenya ukuta wa jikoni miezi mizima mpaka akawa anaupiga mluzi akinyoa. Siku zote aliusikia mtamu. Leo haukuwa mtamu. Ulikuwa mzito, unakwaruza, kama sauti ya mtu aliyelia akamaliza na sasa inabidi aeleze kilichotokea. Na katikati, pale alipozoea kuuvuta na kuuvuta, ukanyamaza. Kinyozi akafumba macho akijua wamekwisha. Lakini ukimya ule ulisimama imara, kana kwamba ndipo palipokuwa mahali pake, na sauti iliporudi ilikuwa ya chini zaidi.

Kijana wa suti aliacha kufuta vitufe vyake.

"Amebadilisha pale," alisema.

"Amekosea?"

"Hapana. Sisi wote pale tunaonyesha mapafu. Yeye ametungojesha." Akasikiliza tena. "Na tete lile ni gumu, mzee. Nalisikia mpaka huku. Mimi ningeaga nikaenda nyumbani."

Zumari alitoka na tone la damu mdomoni. Aliitwa tena mchana, pamoja na yule wa suti, akaingia na tete lilelile. Mwishowe msimamizi alitokeza kichwa koridoni, akaitaja namba yake, akasema kiti ni chake, aje kusaini.

Kijana wa suti alimpa mkono wa kwanza. "Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia," alisema. "Umeniharibia."

Nyuma ya msimamizi alitoka mama wa makamo, ndiye yule mpiga zumari anayestaafu, akamfuata Zumari moja kwa moja. "Sauti ile umeitoa wapi? Tangu asubuhi tunalishwa sukari tu. Wewe umetuletea mtu."

Zumari alimtupia kaka yake jicho. "Ya nyumbani, mama," akasema.

Kinyozi alivimba kama andazi. Walipofika kwenye gari alikuwa ameshajisahau kabisa.

"Umemsikia mama yule? Sauti ile ndiyo iliyokupa kiti. Na sauti ile isingepatikana kama tete lako la uzi mwekundu lingekuwa zima."

"Kaka, washa gari."

"Mimi sidai kitu. Nasema tu ukweli usemwe. Bila wembe wangu ungewalisha sukari kama wenzako. Tugawane sifa nusu kwa nusu, basi. Wateja wakiniuliza nitawaambia kiti kile tumekipata sote."

Zumari alifuta mdomo kwa kitambaa, akautazama ule wekundu kidogo, akakikunja.

"Sawa. Kesho nakuja dukani, nakuvunjia mashine ya kunyolea. Ukimnyoa bwana harusi kwa kisu cha jikoni akatoka amependeza, mimi nitakuwa nimesimama hapo mlangoni napokea shukrani."