Mtoto wa Abel Hakai Chini

"Mama Abel, huyo mtoto mbona mnamfunga kamba kama mbuzi?" Philomena aliuliza siku moja, amesimama upande wake wa ua wa minyaa, mkononi kigae cha kuombea moto.

Lusia akamjibu kwamba wasipomfunga anapanda juu. Juzi walimkuta darini, mgongo umegusa bati, ananyonya kidole. Philomena akasema ahaa, basi fundo walikazie, maana upepo wa kiangazi huku hauna adabu. Akachukua makaa yake, akaenda kuinjika ugali.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, miezi saba, mjukuu wa Lusia. Kliniki nesi alimtundika kwenye mzani, mshale haukutikisika. Akaandika sifuri kwenye kadi, akamwambia Eufrasia, mama wa mtoto, amzidishie uji wa karanga, arudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata walibadilisha kamba, wakaweka nene zaidi, wakaifunga kwenye kinu. Wiki hii kinu nacho kimeanza kuinuka upande mmoja.

Lusia ni mtu wa rozari na jumuiya, hakosi misa labda awe hoi. Lakini aliolewa Usukumani akiwa binti, na hili analijua: mtoto asiyetulia duniani anataka jina la marehemu wa ukoo. Hutajiwa majina moja moja. Likifika lake, anatulia. Padre naye analijua, hubatiza juu ya jina hilo bila kuuliza. Ila jina hilo lazima litoke kinywani mwa mtu wa damu, na Lusia ni wa kuolewa. Wa damu alibaki mmoja tu, Abel, mwanawe, anayesaga mawe kwenye karasha huko machimboni Geita, na ambaye tangu aokoke hataki kusikia habari za mizimu. Yeye alimwita mtoto Glori, jina alilopewa kanisani kwake. Mtoto aliliitikia kwa kucheka, akiwa juu.

Mwenye jina akaja mwenyewe, Jumamosi jioni, Lusia anachambua mchicha jikoni. Ni Nyamizi, mama mkwe wake, aliyekatwa mapanga miaka sita iliyopita. Wakati ule miti yote ya kijiji ilikuwa imekwenda mashimoni kuwa matimba ya kuzuia udongo usiwafukie wachimbaji, na wanawake wakabaki kupikia kinyesi cha ng'ombe. Moshi wake unakula macho. Abel alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, mganga alimwambia atazame nyumbani kwao ni nani mwenye macho mekundu. Nyamizi ndiye aliyepika miaka mingi kuliko wote.

"Mwadila," akasalimia, akakaa kwenye kigoda. Kichwa kilikuwa bado hakijaunga. Lusia akampa kitenge ajifunge, akamtekea maji. Nyamizi akamtazama mtoto pale juu, akasema huyo ni wake, wampe jina atulie, kamba haijapata kulea mtu.

Abel akaingia, vumbi la mawe kwenye nyusi. Akampa bibi yake shikamoo, bibi akaitikia marahaba. Eufrasia akapiga magoti, akamwomba mumewe alitaje jina hilo mara moja tu, hata kwa kunong'ona.

Abel akanawa mikono kwanza.

"Nikilitaja, watu watauliza. Kama hakuwa mchawi, alikatwa kwa kosa gani?"

"Na mbwa wa bibi yako ulimpeleka wapi siku ile ya mapanga, baba?" Lusia akauliza.

"Machimboni. Alikuwa anabweka sana."

Akavuta mkeka, akauliza kama mboga imeiva. Eufrasia akanyanyuka, akamvuta mtoto chini, akamnyonyesha, akamwachia tena.

Nyamizi hakumgombeza mjukuu wake. Alimgeukia Lusia, ambaye nyumba yake siku ile ilikuwa hatua kumi kutoka ya mama mkwe, ukuta wa udongo, dirisha halina hata pazia.

"Na wewe, mkamwana? Nilikuita mara tatu."

Lusia alikuwa amezisikia zote tatu. Alizisikia, na baada yake akasikia hatua za watu wanaokimbia, na katika sauti zao akaitambua moja, ya mwanawe. Akiyasema hayo sasa, mbele ya Eufrasia, Abel hatakuwa na pa kujificha tena, na jina litatoka. Ila Abel naye hatabaki nyumbani, watakuja kumchukua. Lusia akashika msalaba shingoni mwake. Mtoto alikuwa akicheza na masizi ya bati.

"Nilikuwa nimelala, mama," akasema. Ndivyo alivyowaambia polisi.

Nyamizi akayamaliza maji, akaweka kikombe chini polepole, akainama mlangoni kama wainamavyo watu warefu, akatoka.