Ufunguo wa Chumba cha Baridi

Alitoka jeshini miaka kumi na moja iliyopita, lakini jeshi lenyewe lilikataa kumtoka. Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri yuko macho, kitanda kinatandikwa mpaka shuka halina hata kunjo moja, na mumewe, fundi redio mpole asiyependa ugomvi na mtu, anaamrishwa atoke upande wake ili nao unyooshwe. Watoto walipokua wakaondoka, mume alidhani sasa atapumua. Thubutu! Kikosi kilipungua, amri zikabaki zile zile, na askari wa kuzipokea akawa yeye peke yake.

Kazini walimwita Afande, wengine kwa kejeli, wengi kwa heshima. Alikuwa msimamizi wa ghala la nyama, na humo ghalani mlikuwa na chumba cha baridi ambacho mtu akifungiwa mchana, jioni hatolewi mzima. Kitasa cha ndani kiliharibika mwezi uliopita. Aliandika barua tatu, akajibiwa kwa ahadi tatu. Kwa hiyo sheria yake ya tangu siku ya kwanza sasa haikuwa na mjadala kabisa: ukiingia unavaa koti zito, ukitoka unalitundika kwenye msumari wako nje ya mlango. Saa nane kamili anazunguka rafu zote mwenyewe, anahesabu makoti, anafunga, na ufunguo unaingia mfukoni mwake. Na ule wa akiba? Mfuko huo huo. Kumwachia mlinzi ufunguo, alisema, ni kumpa fisi bucha.

Siku hiyo alifika nyumbani saa nane na nusu, akavua viatu, akatoa brashi na dawa ya viatu kama kawaida. Mumewe alikuwa ameifumua redio ya mteja juu ya meza. Aliuliza swali lake la kila siku bila hata kuinua macho.

"Umefunga salama, mama?"

Alitaka kusema ndiyo, kama kila siku.

Hakukumbuka. Alijaribu kujiona akizunguka rafu, na kweli alijiona, lakini huenda ilikuwa jana, au juzi, au siku yoyote katika miaka hiyo kumi na moja. Misumari aliikumbuka, makoti hakuyakumbuka. Na Kijiti je, yule mpakiaji mwembamba, baba wa watoto watatu, ambaye kila siku ndiye hutoka wa mwisho? Leo alitoka?

Alimpigia. Hakupatikana. Akarudia, ikawa vile vile. Akampigia mlinzi.

"Hebu niangalizie misumari. Koti la Kijiti lipo?"

Alisikia ndala za mlinzi zikiburuzwa, bila haraka yoyote, akatamani kumkaba koo kupitia simu.

"Yapo manne, Afande. La Kijiti halipo."

"Amepita getini?"

"Mimi nimeingia zamu saa nane na robo. Sijaona mtu akitoka."

"Gonga mlango! Gonga kwa nguvu!"

"Nagonga. Kimya. Ila mlango mnene huu, hata ng'ombe akilia humo humsikii. Nifungue?"

"Utafungua na nini?" alifoka, na papo hapo aibu ikamshika, maana funguo zote mbili zilikuwa zikimchoma pajani.

Alitoka na soksi. Mumewe alimkimbilia na viatu mpaka barabarani, akamkuta ameshapanda pikipiki ya kukodi. Njia nzima alihesabu dakika tangu saa nane: thelathini na tano, thelathini na sita. Akilini alimwona mke wa Kijiti akiletewa habari. Aliwaona wale watoto watatu. Kila dereva alipopunguza mwendo, alimpiga begani kama anayempiga punda.

Alifika, akafungua mlango. Baridi ikampiga usoni.

"Kijiti! Kijiti wee!"

Alipita rafu ya kwanza hadi ya mwisho, akasukuma mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia, akachungulia nyuma ya kreti. Akarudia tena, safari hii kwa magoti, akipapasa sakafu. Hapakuwa na mtu. Alitoka akaketi chini pale pale mlangoni, akalia bila kujificha.

"Si umeona?" mlinzi alisema. "Umetumaliza pumzi bure."

Bure, naam, na ni bure tamu kuliko zote. Kumbe alikuwa amezunguka, akahesabu, akafunga. Akili ilikuwa likizo, mwili ukashika amri. Ndiyo faida ya nidhamu hiyo, alijiambia, na machozi yakaanza kugeuka hasira: huyu Kijiti amepeleka wapi koti la kazi? Simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Afande, nilikuwa nimelala, simu iliishiwa chaji. Kuna nini?"

"Koti liko wapi, mtovu wa nidhamu wewe?"

Kijiti alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Afande, unanitania? Si wewe uliyesema nisilivue? Nilikuwa natetemeka kwa homa. Ukanifunga vifungo mwenyewe, mpaka hiki cha shingoni. Ukaniambia nipumzike hadi Jumatatu."

Afande alivitazama vidole vyake. Kuzunguka rafu mtu anaweza kusahau, maana ni mazoea. Lakini kuivunja sheria yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, hilo si la kusahau, na halikuwa limepita hata saa moja. Akajiuliza ni mangapi mengine yamempita, huku ratiba ikimshika mkono kila siku na kumfikisha nyumbani kama mtu mzima wa akili. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye pikipiki.

"Afande? Upo?"

"Nipo. Lala, mwanangu. Ugua pole."

Alifunga mlango. Akachomoa ufunguo mmoja kwenye pete, akamkabidhi mlinzi.

"Huu wa nini tena?"

"Kaa nao. Na kesho nikikuuliza nani kakupa, usinishangae. Niambie ni mimi."