Ufunguo wa Baruti

Haya, wewe unayenisikiliza, tegua hiki: mgeni wangu amelala kimya, kamba mdomoni, akiamka, kilima kinaanguka. Umeshindwa? Nipe Lubumbashi nzima nikuambie: baruti.

Mama Edith aliijua baruti kuliko alivyomjua mumewe. Kwenye mgodi wa shaba nje ya mji, yeye ndiye aliyelipua miamba, na mashine ya kulipulia haikuwaka bila ufunguo alioutundika shingoni. Exaucée, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa, alipoletwa kwake kujifunza kazi, Mama Edith alimvika ufunguo huo siku ileile.

"Iko ya nani, huu ufunguo?"

"Ya patron, Mama."

"Hapana."

"Basi iko yako."

"Yangu? Mi nani? Waza, mutoto wangu."

Hakumjibia. Angemjibia, binti angekariri tu, kama darasani.

Asubuhi moja, baruti ikiwa imekwisha kutegwa, wachimbaji wasio na kibali wakaingia shimoni humo na magunia yao. Patron Léonard, mwenye mgodi, akaja na walinzi, macho mekundu.

"Lipua!"

"Bantu beko mule chini, patron."

"Beko bezi, beko naiba shaba yangu. Lipua!"

Mama Edith akakataa. Kitako cha bunduki kikamvunja mdomo, meno yakadondoka vumbini. Akaanguka, wakamkanyaga mbavu hadi akasikia kitu kikikatika ndani. Ndipo patron alipoona kamba ya ufunguo shingoni mwa Exaucée. Akamkamata misuko, akambamiza uso kwenye chuma cha mashine. Mara ya kwanza. Tena.

"Leta ufunguo, na kesho weye ndiyo injinia yangu. Ukikatala, hakuna mugodi hata moja itakupa kazi. Masomo yako yote, bure!"

Exaucée, damu ikimchuruzika puani, akamtazama mwalimu wake. Neno moja la kumwambia akatae lingetosha. Mama Edith alilitaka neno hilo limtoke, likamfika hadi kwenye ulimi uliochanika. Akalimeza pamoja na damu.

"Iko ya nani?" akauliza.

Kule chini mtu aligonga mwamba akiimba. Exaucée akaukata ufunguo kwenye kamba na kuufumbata. Mlinzi akamwangusha, akamkanyaga mkono huo kwa buti. Vidole vikalia kama kuni kavu. Binti akapiga yowe, akauchomoa ufunguo kwa mkono wake wa pili, akautupa shimoni kwa nguvu zake zote, kisha akapaza sauti mpaka wimbo ule ukakatika na watu wakaanza kutoka shimoni mbio:

"Iko ya bale beko mu shimo, Mama!"